Darasa tulijua ni milioni 20, mfereji je ni shilingi ngapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Najua barua ni ndefu ila nakuomba usiikate sana, maana hili jambo la hela ya halmashauri kujenga miradi bila sisi kuambiwa ni shilingi ngapi limenikaa moyoni miaka sasa na nikilisema nusunusu halitaeleweka.

Mimi ni mama, nina kizimba cha nafaka kwenye soko moja hapa Dar es Salaam, mchele maharage unga na vitu kama hivyo, nina miaka zaidi ya kumi hapo. Halmashauri yangu sitaitaja wala soko sitalitaja, sijaandika ili mtu fulani aitwe ofisini, naandika kwa sababu naamini hichi ninachokiona mimi hata msomaji wa Mwanza au Arusha au Mbeya anakiona mtaani kwake.

Nianze na jambo zuri kwanza. Mwaka 2021 mwishoni wote tunakumbuka serikali ilipata ule mkopo wa IMF wa trilioni 1.3 wa mambo ya UVIKO-19, Rais Samia akazindua mpango wake kule Dodoma mwezi wa kumi, na ndani yake kulikuwa na madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa milioni 20. Hiyo namba ilisemwa redioni, ikasemwa kwenye tv, magazeti yakaandika, wabunge wakasema, mpaka mtoto wa darasa la nne alikuwa anajua darasa ni milioni 20. Shule yetu ya kata ikapata madarasa, na kwa kuwa ujenzi ulikuwa wa fosi akaunti, yaani hakuna mkandarasi mkubwa, shule yenyewe inanunua vifaa na kutafuta fundi, wazazi tukaitwa kuchagua kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mimi wakanichagua mapokezi.

Kazi ya mapokezi ni kupokea mzigo. Gari ikija na simenti unahesabu mifuko, unaangalia karatasi ya mzigo inasema ngapi, unaangalia risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inasema ngapi, zikilingana unasaini, zisipolingana husaini. Nilinunua daftari kubwa la kurasa mia mbili na hamsini nikawa naandika kila kitu, tarehe, namba ya gari, mifuko mingapi, nondo za milimita ngapi, bati ngapi na geji gani, tripu za mchanga na kokoto. Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Sasa kitu kilichonishangaza Mhariri siyo hizo kamati, kamati zipo siku nyingi. Kilichonishangaza ni watu. Yaani kwa sababu kila mtu anajua darasa ni milioni 20, kila mtu akawa anauliza. Kijana wa bodaboda pale nje ya geti anauliza mama leo imeingia mifuko mingapi. Muuza mihogo anauliza hivi hizo bati ni geji 28 kweli au 30 ile nyembamba. Mzee mmoja mstaafu alikuwa fundi wa serikali enzi hizo, kila jioni anapita na fimbo yake anaangalia msingi, anamwambia fundi hapa zege lako jepesi, na fundi anarudia. Siku moja gari ilikuja mifuko imepungua, siyo mingi, dereva akasema mama saini tu pungufu italetwa kesho, kabla hata sijafungua mdomo wanafunzi na wapita njia wameshazunguka gari wanahesabu kwa sauti, dereva akapiga simu mwenyewe na mifuko ikaletwa siku hiyohiyo kabla ya magharibi. Hakuna polisi aliyeitwa, TAKUKURU hawakuitwa, hata mwalimu mkuu hakutoka ofisini. Kilichofanya kazi ni ile namba kujulikana.

Madarasa yakaisha, Januari 2022 watoto wakaingia.

Sasa njoo kwenye mfereji. Baada ya hapo kukaja mradi mwingine kwenye eneo letu, mfereji wa maji ya mvua unaopita mbele ya soko na vizimba vipya upande wa nyuma pamoja na choo. Hii haikuwa hela ya mkopo wala ya wahisani, tuliambiwa ni mapato ya ndani ya halmashauri, yaani ni hela yetu sisi tunaolipa ushuru pale. Wakaja watu wakachimba, wakamwaga mawe, wakaondoka, wakarudi baada ya miezi, wakajenga kipande, wakaondoka tena. Bango halikuwepo, mradi hauna jina, mkandarasi hajulikani ni nani, gharama hazijulikani, haijulikani unaanza lini unaisha lini. Mvua za masika zilipokuja maji yakafuata ule mtaro wa nusu yakaingia moja kwa moja kwenye vizimba, mimi peke yangu magunia manne ya mchele yalilowa na mama jirani yangu alipoteza unga wote.

Tukauliza. Mwenyekiti wa mtaa akasema hajui, hajapewa nakala yoyote. Tukamfuata mheshimiwa diwani akasema ipo kwenye bajeti. Tukauliza bajeti imeandika shilingi ngapi, akasema ni lugha ya kitaalamu mtanisumbua. Tukaenda ofisini wakatuambia kama ni mfereji wa barabara siyo sisi, na kweli tangu 2017 ilipoanzishwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, barabara nyingi za mitaa zimehama kutoka halmashauri, kwahiyo ukiuliza shimo unaambiwa nenda kule, ukiuliza taka unaambiwa mkandarasi wa taka, ukiuliza mfereji unaambiwa inategemea huo mfereji ni wa nani, mwananchi anazunguka ofisi nne na nauli inakatika na jibu hakuna.

Nikaambiwa na kijana mmoja anayesoma sheria kwamba ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inasema ukiomba taarifa kwa maandishi ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Nikaandika barua kwa mkono wangu, maswali mawili tu, mradi ule ni shilingi ngapi na mpaka sasa zimelipwa ngapi. Nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Siku 30 zikapita, nikaenda, njoo wiki ijayo. Nikaenda, anayehusika yupo semina. Nikaenda tena, anayehusika kahamishwa. Nakala yangu yenye muhuri nimeitunza ndani ya lile daftari la simenti.

Mhariri naomba hapa nipige hesabu ndogo ili wasomaji wajue naongelea hela gani. Sokoni kwetu tuna vizimba kama 300 hivi, tumehesabu wenyewe. Kila kizimba ushuru ni shilingi 500 kwa siku. Hiyo ni 150,000 kwa siku. Kwa siku 30 ni milioni 4 na laki 5. Kwa mwaka ni milioni 54. Ukichukua ile bei ya darasa ya 2021 hayo ni madarasa mawili na kinabaki cha kuanzia la tatu, kutoka kwenye soko moja dogo tu la mtaani, kila mwaka, na hapo sijaweka ushuru wa magari yanayoshusha mzigo, sijaweka choo cha kulipia, sijaweka leseni za maduka yanayozunguka soko wala ushuru wa huduma ule wanaolipa wafanyabiashara wakubwa kutokana na mauzo yao. Kwahiyo mtu asije akasema halmashauri haina hela ndo maana mfereji umeishia katikati. Inawezekana haina kweli. Lakini tuonyeshwe.

Na kuna hili la mashine za POS. Mtoza ushuru anakuja na mashine, unatoa 500 anakupa karatasi. Siku nyingine anachukua hela anakwambia mashine haina chaji, siku nyingine mtandao unasumbua, risiti nitakuletea baadae. Ukiwa na wateja unamwacha aende. Hii siyo ya kwetu tu, ripoti za CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, miaka na miaka zinarudia jambo hilohilo, makusanyo ya kwenye mashine yasiyofika benki, mashine zinazozimwa, wakusanyaji wanaodaiwa. Kila mwaka linaandikwa na kila mwaka lipo. Mimi najiuliza kwanini isibandikwe karatasi moja ukutani pale sokoni kila mwisho wa mwezi, soko hili mwezi huu limekusanya kiasi hiki. Sisi wenyewe tunajua tupo wangapi. Ikiandikwa milioni mbili wakati sisi tumetoa milioni nne na nusu si tutaona hapohapo, hatuhitaji mkaguzi kutoka Dodoma kuja kutuambia baada ya mwaka mzima.

Sasa hapa kwenye ukaguzi naomba nikae kidogo maana watu wengi wanachanganya. Kila mwaka mwezi wa tatu CAG anapeleka ripoti yake kwa Rais, ndo katiba inavyotaka, afu mwezi wa nne inawasilishwa bungeni, na halmashauri zetu utasikia tumepata hati safi, watu wanapiga makofi kwenye baraza, kuna sehemu nilisikia wamekata keki. Mimi nilikuwa naamini hati safi maana yake hakuna hela iliyoibiwa. Mpaka nikaelezwa na mtu aliyefanya kazi ya uhasibu serikalini, akaniambia mama, hati safi maana yake ni kwamba vitabu vya hesabu vimeandaliwa vizuri kwa viwango vinavyotakiwa na mkaguzi hakuona kasoro kubwa ya kupotosha kile kitabu kwa ujumla wake. Mfereji ukilipiwa bei ya mifereji miwili na karatasi zote zikawepo, mkataba upo, hati ya malipo ipo, saini zipo, kwenye kitabu unaweza ukapita vizuri kabisa. Mkaguzi naye hawezi kufika kila mtaro wa nchi hii, halmashauri zipo 184, anachagua miradi michache anaiangalia hiyo.

Simlaumu CAG hata kidogo, ofisi yake inafanya kazi kubwa na bila yake tungekuwa gizani kabisa, na hoja zake, yaani kasoro anazotaka zijibiwe, zinaandikwa moja moja mule ndani kwa kiasi cha hela. Ninachosema ni kwamba ripoti inayotoka mwezi wa nne inaongelea mwaka wa fedha ulioisha mwezi wa sita mwaka jana yake. Mpaka LAAC, ile kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, iwaite wahusika, mpaka Bunge lijadili, miezi mingine imepita. Mkurugenzi aliyekuwepo kahamishwa, mweka hazina yupo mkoa mwingine, aliyepo anasema mimi nimekuta. Kule kwenye kikao cha hoja wanasema hoja imefungwa. Imefungwa kwa karatasi, mfereji upo wazi na watoto wanatumbukia. Ndo maana nasema ukaguzi wa Dodoma ni muhimu lakini lazima uwepo na huu wa pale mtaani, wa siku gari inaposhusha mzigo.

Na kuna watu wanadhani dawa ni kuvunja halmashauri. Sisi wa Dar tumeshaona kuvunja. Mwaka 1996 halmashauri ya jiji ilivunjwa ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Mzee Keenja mpaka 2000 zikazaliwa manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, baadae zikaja Ubungo na Kigamboni. Nakumbuka kipindi cha Tume mji ulisafishwa kwakweli, taka ziliondoka, hilo lazima lisemwe. Afu Februari 2021 Hayati Rais Magufuli akalivunja tena jiji, safari hii kwa sababu halikuwa na eneo lake, lilikuwa linategemea michango ya manispaa, Ilala ikapandishwa ndo ikawa Jiji la Dar es Salaam. Hata wazee wetu wanakumbuka serikali za mitaa zilifutwa kabisa mwanzoni mwa miaka ya 70 wakati wa madaraka mikoani, za mijini zikarudishwa 1978 na sheria tunazotumia mpaka leo ni za 1982. Kwahiyo tumefuta, tumerudisha, tumevunja, tumeunganisha, mabango ya ofisi yamebadilishwa majina, lakini katika mabadiliko yote hayo mimi mama wa nafaka sijawahi hata siku moja kubandikiwa karatasi ukutani ya kusema ushuru wako umefanya nini.

Ubao wa matangazo upo, tusiseme haupo. Upo pale ofisi ya kata, una kioo na kufuli. Ndani kuna tangazo la chanjo na tangazo la kiwanja lililopauka mpaka namba hazisomeki. Mapato na matumizi hakuna.

Nimewahi kusema haya kwenye kikao nikajibiwa na afisa mmoja, kwa heshima tu hakunitukana, akasema tatizo wananchi hawaelewi mambo ya hesabu mkibandikiwa mtaleta taharuki. Hilo jibu liliniuma. Hivi anajua kikoba? Sisi wanawake wa sokoni tuna kikoba chetu, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti ambao siyo viongozi, kila wiki sanduku linafunguliwa mbele ya wote, hela inahesabiwa kwa sauti, wiki iliyopita tulifunga na kiasi gani, wote tunajibu kwa pamoja bila kuangalia daftari, ikipungua shilingi elfu moja hatutoki pale. Kuna wamama mule hawajamaliza darasa la saba. Na harusi je? Kamati ya harusi ya mjini hapa inakusanya mamilioni, ukumbi, chakula, mapambo, mc, muziki, na baada ya harusi kuna kikao cha kuvunja kamati, mweka hazina anasimama anasoma mapato na matumizi mpaka hela ya maji ya kunywa, watu wanauliza mbona soda zimebaki kreti mbili ziko wapi. Mtanzania gani asiyejua kuulizia kreti mbili za soda! Watu haohao eti hawawezi kuelewa bei ya mfereji.

Ila nitakuwa sijatenda haki nisiposema na upande wetu. Mkutano wa mtaa unapoitwa hatuendi. Uliopita nilienda, mtaa wetu una maelfu ya watu, pale chini ya mwembe nilihesabu hatufiki hamsini, na nusu yao walikuja kwa sababu walisikia kuna orodha ya kuandikishwa jambo fulani. Vijana wanasema kunaboa, kina mama tupo sokoni, wanaume wanasema wana kazi. Kwenye grupu la WhatsApp la mtaa tunalalamika usiku mpaka asubuhi afu Jumamosi mkutano unaitwa hatupo. Mikutano ya baraza la madiwani nayo ni ya wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa akasikiliza, mimi mwenyewe miaka yote hiyo nimeenda mara moja tu na nilikuta wananchi wa kawaida tulikuwa watatu. Kwahiyo mwenyekiti asiyesoma mapato na matumizi ana kosa, lakini asomee nani, miti?

Jambo lingine ambalo linanigusa ni ile mikopo ya asilimia 10, hela ya mapato ya ndani inayotengwa kwa ajili ya wanawake asilimia 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2, haina riba, na tangu 2018 ipo kwenye sheria kabisa. Ni kitu kizuri sana, nawajua wamama waliotoka kwa hiyo hela. Lakini Aprili 2023 serikali ilisimamisha baada ya ripoti ya CAG kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ikaja kurudishwa 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 kwa majaribio mikopo ipitie benki, Jiji la Dar es Salaam ikiwemo, nyingine zikaendelea zenyewe kwa masharti yaliyoboreshwa. Sasa fikiria vikundi vya kweli vilivyokaa zaidi ya mwaka bila mkopo kwa sababu ya vikundi vya kwenye karatasi. Hivi kama majina ya vikundi na kiasi walichopewa yangekuwa yanabandikwa pale mtaani, kikundi hewa kingepitaje? Sisi tunajuana. Ukiandika kikundi cha Tupendane kimepewa milioni 10 kinafuga kuku mtaa huu, siku hiyohiyo mtu atauliza kuku wako wapi. Siongelei kuandika namba za simu za watu wala mambo yao ya ndani, jina la kikundi, mtaa, kiasi, na kimesharudisha ngapi, inatosha.

Hata kodi ya majengo nigusie kidogo. Zamani ilikuwa ya halmashauri, 2016 ikahamia TRA, 2021 ikaingia kwenye LUKU shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda 1,500. Kulipa kumekuwa rahisi, hilo sikatai, unanunua umeme tu na unakatwa. Lakini kadri kulipa kunavyokuwa kimyakimya ndo na kuuliza kunavyopotea, mpangaji anakatwa kila mwezi na hajui hata amuulize nani.

Ninachoomba mimi siyo kikubwa na hakihitaji semina. Kila mradi unaojengwa kwa hela ya halmashauri uwekwe bango siku ya kwanza, hata kama ni choo cha matundu manne, liandikwe gharama, hela imetoka wapi, fundi au mkandarasi nani, unaisha lini. Likiwa la bati lisikae mbali, liwe pale watu wanapopita, kwa Kiswahili cha kueleweka. Ikibadilika gharama na lenyewe libadilishwe na sababu iandikwe. Na fosi akaunti isiishie kwenye madarasa na zahanati, hata kwenye vizimba na mifereji watu wa mtaa wachaguliwe wapokee mzigo, wahesabu, waandike kwenye daftari. Nipo tayari kufanya tena hiyo kazi bila posho, na najua wapo wengine wengi.

Mhariri, na wewe nina ombi kwako. Gazeti lako linafika mikoa yote na waandishi wako wapo kila wilaya. Tenga hata kakona kadogo kila wiki, chagua mradi mmoja wa halmashauri yoyote, weka picha na uulize ofisi husika huu ni shilingi ngapi, wakijibu andika jibu, wasipojibu andika tarehe uliyouliza na uendelee kuandika wiki ya pili ni siku ngapi zimepita. Ukiwa tayari kuanza na wa kwetu, barua yangu yenye muhuri ninayo, picha za mfereji ninazo za kabla na baada ya masika, nitazileta mwenyewe ofisini kwako.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mama wa nafaka,
Dar es Salaam.